Injini ya Kisasa ya Bi Mkubwa

Mliniacha wiki iliyopita nimekaa juu ya tairi la akiba kando ya barabara, moshi ukitoka chini ya boneti kama wa tanuri. Aliyepitwa asijisumbue kutafuta gazeti la zamani. Gari lilikufa, lori la mchanga likatuvuta kwa kamba, na mimi nikaingia nyumbani kwa mkwe wangu nikiburutwa kama mbuzi wa mnadani.

Gari langu naliita Bi Mkubwa. Ni kuukuu, lina milango inayofungwa kwa kubembelezwa. Ndani yake nalala, ndani yake nimeweka vifaa vyangu vya kutengenezea cherehani, na nalo nimezunguka miji nisiyoikumbuka yote. Nyumba nyingine sina, wala sijawahi kuitamani.

"Nakaa siku mbili tatu tu," nilimwambia binti yangu.

Mumewe akacheka kwa upole. "Baba, hapa ni kwako. Kaa hata mwaka."

Nikashukuru. Mjinga mimi, nikashukuru.

Fundi wa magari wa mtaa ule aliitwa Bado Kidogo, kwa sababu ukimuuliza kazi yako imefika wapi atakujibu hivyo hivyo, hata kama boneti hajaifungua. Alikuja, akainama, akatoa kidole kimejaa unga wa chuma.

"Mzee, injini hii imejitafuna yenyewe. Hapa ni kuzika."

"Nitafutie nyingine kama hiyo hiyo."

"Iko moja kwa muuza vyuma. Lakini nayo imechoka. Utatoa mzee aliyekufa, uweke mzee anayekufa."

"Na dizeli je?"

"Nzito. Pua ya gari itainama mpaka ilambe lami. Utabadili springi, utabadili breki. Kwani hizi breki zako zinashika?"

"Zinashika nikiziomba."

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mfukoni. Bado Kidogo akamtupia jicho, kisha akanigeukia mimi.

"Weka ya kisasa," akasema. "Ndogo, nyepesi. Mafuta inalamba tu, hainywi. Asubuhi ya baridi unaigusa, imeamka."

"Ya kisasa ina kompyuta. Mimi na kompyuta hatusalimiani."

"Hapo ndipo watu wanapoumia, mzee wangu. Mtu anaona chuma rahisi, anabeba, halafu anakuja kulia kwangu. Injini ya kisasa inunue na ubongo wake, na nyaya zake zote bila kukatwa hata moja, na pampu yake ya mafuta, na gia boksi yake. Ukikosa kimoja umenunua nanga. Lakini kuna gari limegongwa nyuma, mbele zima. Injini yake inauzwa na kila kitu chake."

Akiba yangu ilikuwa ndani ya kopo la vifungo. Ilitosha ile injini iliyochoka. Kwa hii ya kisasa, na makorokoro yake yote, ilikuwa inafika katikati ya mto na kusimama.

Ndipo mkwe wangu aliponishika bega. "Baba, iliyopungua naongeza mimi. Wewe utanitazamia zile cherehani zangu, basi, tumelipana. Kwani sisi ni watu wa kudaiana?"

Nyuma ya nyumba alikuwa na karakana ya ushonaji. Cherehani kumi na moja, wanawake kumi na moja, sare za shule asubuhi mpaka jioni. Binti yangu ndiye aliyekuwa msimamizi, na mashine ya dirishani ilikuwa yake.

Nikaona mkwe nimepata.

Kwa muuza vyuma tulikuta injini imelazwa juu ya matairi mawili, betri pembeni, mafuta kwenye chupa iliyoning'inizwa. Nyaya zilikuwa zimemwagika chini kama utumbo.

Nikatoa bisibisi yangu ndefu. Ncha nikaigusisha kwenye chuma, mpini nikautia sikioni. Ndivyo ninavyopima cherehani, na nikisikiliza hufumba macho, masikio yasigawane kazi na mtu.

"Washa," nikasema.

Jamani! Haikugonga, haikukohoa. Ilizunguka kama cherehani mpya iliyotiwa mafuta jana. Miaka yote na Bi Mkubwa nilikuwa nimezoea kelele za sufuria zikianguka jikoni. Hii ilikuwa inanong'ona.

"Naichukua," nikasema, macho nimeyafumba bado.

Kwa hiyo sikuona iliwashwaje, wala kilichotumika kuiwashia kilimezwa na mfuko wa nani. Sikio langu halikunidanganya. Macho ndiyo niliyoyanyima kazi.

Tulipoishusha ndani ya Bi Mkubwa ikakataa kukaa. Lile bakuli la mafuta chini ya injini lilikuwa na tumbo kwa mbele, na hapo hapo kwa mbele Bi Mkubwa alikuwa na boriti ya chuma.

"Irudishe kwa mwenyewe," nikasema.

"Yule?" Bado Kidogo akacheka. "Yule chuma kikitoka getini kwake, hata kukisalimia hakisalimii. Tukate boriti, tuunge nyingine iliyopinda. Lakini nisikilize, mzee. Nikikata hapa, na miguu ya injini ya zamani nimeikata. Ile ya kwanza haitakuwa tena na pa kukaa. Hakuna kurudi."

Mkwe wangu akaniangalia. "Gari ni lako, Baba. Sema wewe."

"Kata."

Ni mimi niliyesema. Simsingizii mtu.

Cheche ziliruka mchana kutwa. Kila nikiuliza, bado kidogo. Radieta ikahamishwa, bado kidogo. Pampu ikatiwa tenkini, bado kidogo. Nami wakati huo nikawa karakanani, nanyoosha mashine moja baada ya nyingine, na wale wanawake wakanibandika jina, Babu Cherehani. Mmoja wao, mnene wa kucheka, aliyeshona vifungo tu na kuitwa kwa vifungo hivyo, alikuwa akinitania kila nikipita.

"Babu Cherehani, mimi pia nimelegea skrubu. Utanikaza lini?"

"Wewe Mama Vifungo spea zako hazitengenezwi tena."

Walicheka mpaka binti yangu akagonga meza na rula. Lakini naye alikuwa anacheka.

Siku Bi Mkubwa alipowaka, nilimzungusha uani mara tatu kama mtoto. Nilipozima, mkwe wangu akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

"Nikuwekee, Baba. Hapa uani vitu vinapotea."

Sikujali. Bi Mkubwa nimemwasha miaka nenda miaka rudi kwa kugusanisha nyaya mbili chini ya usukani. Ufunguo kwangu ulikuwa kidani tu.

Mwisho wa wiki nikafunga vifaa vyangu, nikaingia garini, nikagusanisha nyaya. Injini ikashika kwa pumzi moja, ikafa. Nikarudia. Pumzi moja, kimya. Nikapiga usukani, nikabembeleza, nikatukana.

Nikamwita Bado Kidogo. Hakuinama hata kidogo.

"Ndani ya ufunguo wake kuna kidude kama punje ya mchele. Kompyuta isipokiona, inakata mafuta. Hata uitukanie ukoo."

"Nichongee mwingine."

"Wa kuchonga kompyuta haiutambui. Yuko mtaalamu mjini anafanya kazi hiyo. Ila gari lifike kwake."

"Lifike kwake bila ufunguo?"

"Hapo ndipo watu wanapogombana naye."

Nikamshika ukosi. Mzee mimi, lakini vidole vyangu vimekaza skrubu maisha yote.

"Ulijua tangu mwanzo?"

Akaangalia lango, akaangalia dirisha la nyumba. Sauti ikashuka.

"Mzee, nisamehe. Mkwe wako aliniambia nikusukume kwenye ya kisasa. Alisema ukiwekewa ya zamani utaiwasha kwa kijiko, asubuhi tukute matone ya mafuta tu. Alisema fundi wa cherehani kama wewe hapatikani, akimpata hamwachii."

Ukosi ukaniponyoka wenyewe.

Jioni nikamwomba mkwe ufunguo wangu. Aliweka kijiko chini, akafuta mdomo.

"Oda hii ya shule ikiisha, Baba."

Ikaisha. Nikamwomba tena.

"Imeingia nyingine. Kwani hapa unakosa nini? Unakula, unalala kitandani. Huko barabarani nani atakufumba macho ukifa?"

Neno lile lilikuwa na huruma ndani yake, na hapo ndipo lilipoudhi. Mtu akikufunga kwa ubaya utampigia kelele. Huyu alinifunga kwa mto laini na chai ya saa kumi. Akitoka, lango anatia kufuli kwa sababu ya wezi. Majirani wakanisifu kwa mkwe mwema. Binti yangu nilipomtazama, alitazama sahani yake.

Nikamhesabu na yeye upande wa mumewe. Iliniuma kuliko ufunguo.

Jumapili mkwe wangu akaenda kutembea, lango kalifunga. Binti yangu alikuwa jikoni. Karakana ilikuwa tupu, jua limeingia dirishani, mashine kumi na moja zimefunikwa vitambaa kama wagonjwa.

Sasa niwaeleze nilichofanya, maana mafundi wa cherehani watanielewa na wengine watajifunza.

Sindano ya cherehani hushikwa na kijiti cha chuma. Kijiti hicho kina skrubu moja. Ukiilegeza, ukakipandisha kijiti kwa unene wa ukucha, ukakaza, hakuna atakayeona. Mashine itazunguka, itapiga mlio mzuri, sindano itapanda na kushuka. Lakini kulabu ya chini haitaudaka uzi. Hakuna mshono. Inatoboa nguo tu, tundu baada ya tundu.

Nikaanza mlangoni, nikaishia dirishani. Zote kumi na moja.

Nilisema moyoni, wewe unacho kimoja ambacho bila hicho chombo changu hakiendi. Mimi ninavyo kumi na moja. Kesho utakuja mwenyewe, "Baba, Baba," nami nitanyoosha kiganja.

Nililala vizuri mno usiku ule. Ilinipasa nijishtukie.

Jumatatu nilikaa uani na chai yangu nikisikiliza. Mashine zikaanza kulia. Zikanyamaza. Zikalia, zikanyamaza. Kisha Mama Vifungo akatoka mbio.

"Jamani, zimepatwa na nini? Yangu haishoni, ya jirani haishoni! Babu Cherehani, njoo!"

"Mwiteni mwenye mali," nikasema, nikapuliza chai.

Aliyekuja ni binti yangu. Uso ulikuwa umempauka, na mkononi alikuwa na kipande cha shuka jeupe lenye matundu yamepangana kama njia ya siafu.

"Baba, njoo uzitazame."

"Mwite mumeo kwanza. Nina neno naye."

"Mume wangu hahusiki na kazi hii."

"Cherehani si zake?"

"Cherehani zake. Oda yangu." Akakaa kwenye kigoda mbele yangu, goti kwa goti. "Mashuka ya zahanati. Nimeichukua mwenyewe, kwa jina langu, ndiyo mara ya kwanza. Wanakuja kuchukua kesho asubuhi. Wametanguliza malipo, na leo alfajiri nimempa yote yeye. Nimemwambia, hii ndiyo ile uliyoongezea kwenye injini, chukua, mwachie baba yangu ufunguo wake."

Nikaweka kikombe chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali? Ungesema binti hamkomboi baba. Ningekuwa nagombana na wawili."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mkwe wangu akatoka na begi la safari, amevaa viatu vya kwenda mbali. Akaja moja kwa moja, akaweka ufunguo mapajani mwangu.

"Mzee," akasema. Siku zote alikuwa akiniita Baba. "Mke akikulipa, umelipwa. Shika chako. Lakini sitaki mtu anayeaga kila siku. Mimi naenda kupeleka sare, narudi baada ya wiki. Ukitoka, toka sasa nikiwa nafungua lango. Ukibaki umebaki, ufunguo unarudi mfukoni mwangu na maneno yake yamekwisha. Tusisumbuane tena."

Kisha akamgeukia mkewe, bado kwa ule upole wake.

"Na wewe, nasikia mashine zimegoma. Kesho zahanati wakikosa mashuka watataka pesa yao, na pesa imeshakuwa yangu. Sijui utawapa nini. Mimi nilikwambia oda si kazi yako. Hii iwe ya mwanzo na ya mwisho."

Akaenda kufungua lango. Nikasikia mnyororo unavutwa.

Nikaingia ndani ya Bi Mkubwa. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikatia ufunguo, nikauzungusha, na ile injini ikaamka bila kunung'unika, inanong'ona kama siku ile juu ya matairi. Mbele yangu lango wazi, na nje ya lango barabara, nyeupe kwa vumbi, haina mtu.

Kupandisha kijiti ni dakika; kukirudisha pale pale kinapodaka uzi ni kupimapima, na mashine zote ni kazi ya kutwa kwa mkono wangu. Nikibaki kuzirekebisha, nimebaki. Na lazima niseme zimeharibikaje, mbele ya wanawake kumi na moja na mbele ya huyu mwenye begi. Nikiondoka, hakuna mtu atakayejua. Watasema mashine ni kuukuu, watasema uzi mbovu. Mama Vifungo atasema uchawi.

Binti yangu akaja dirishani. Akaweka viwiko juu ya mlango, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na kimo chake kikiishia kwenye kitasa.

"Una maji ya kutosha njiani?"

"Ninayo."

"Breki umezijaribu?"

"Nimezijaribu. Mwanangu, hizo mashine..."

"Nyamaza, Baba." Akatazama nyuma, mumewe alikuwa langoni. "Moja ikiruka mishono ni uzi. Mbili, ni bahati mbaya. Kumi na moja kwa ugonjwa mmoja asubuhi moja? Cherehani haziambukizani. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Nimezifunua alfajiri, nikaona vijiti vyote vimepanda sawasawa, nikakungoja useme mwenyewe. Mtu mwingine angekosea angalau kimoja."

Injini ilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia akimeza mate.

"Ulijua," nikasema, "na bado ukampa pesa?"

"Nilikuwa nimeshampa. Na hata ningekuwa sijampa." Hakumalizia. Akajifuta uso kwa lile shuka lenye matundu. "Nitazishusha moja moja. Mbili tatu zitakuwa tayari kufika jioni."

"Mbili tatu hazimalizi mashuka."

"Najua hazimalizi. Sijakuuliza. Nenda kabla hajabadili nia. Mmoja wetu akitoka, afadhali."

Mmoja wetu. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nivutwe kwa kamba mpaka pale. Nilidhani lango lile linafungwa kwa ajili yangu peke yangu.

Nyuma yake wanawake walikuwa wamesimama mlangoni mwa karakana, mikono kifuani, wananitazama kama mtu anavyomtazama daktari. Mama Vifungo hakuwa na utani wowote usoni.

"Mzee!" Mkwe wangu alikuwa ameshika mnyororo kwa mkono mmoja, begi kwa mwingine. "Unatoka, au nifunge?"

Binti yangu akaondoa viwiko mlangoni, akarudi hatua nyuma kunipisha.

Nikakanyaga klachi. Kama niliingiza gia ya mbele au ya nyuma, nitawaambia wiki ijayo.